Kilango cha Bunduki ya Upepo

Shemeji yangu Feruzi alikuwa fundi wa bunduki, na alikuwa mtu wa kuudhi. Ukimsalimu, anaitikia bila kuinua macho. Ukimpelekea chakula, anakula kwa mkono mmoja na wa pili umeshika tupa. Dada yangu Zuwena aliishi naye hivyo miaka yote wala hakulalamika. Aliyelalamika ni mimi, kwa niaba yake, maana ndiyo kazi ya mdogo mtu.

Nayasema haya mapema asije mtu akadhani nampamba. Sikumpenda sana. Lakini yaliyompata mwaka ule wa malale, Wadachi wakiwa bado ndio wenye nchi, mengine niliyaona mimi Kadidja kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe kwa kuchokonolewa, neno moja leo, jingine wiki ijayo.

Malale yaliingia mwambao wetu wa Rumonge bila kubisha hodi. Mtu anavimba matezi ya shingo, kisha anaanza kusinzia mchana kweupe, mwishowe anasinzia tonge likiwa njiani kwenda mdomoni. Serikali ikasema wa kulaumiwa ni nzi wa vichakani. Basi vichaka vya ukingoni mwa ziwa vikakatwa, na sisi tuliokaa karibu na maji, kuanzia Minago kuja huku, tukaamriwa kuhamia juu milimani. Ng'ambo ya mdomo wa mto ikajengwa kambi ya wagonjwa, na bwana mmoja wa Kidachi akawekwa humo kutibu. Sisi tulimwita Bwana Mganga.

Siku ya kukaguliwa tulipanga mstari. Bwana Mganga alinigusa shingo mimi, akanipungia mkono nipite. Akamgusa dada yangu, akamgusa tena, akaita karani wake. Zuwena alinitazama, akanikabidhi kapu la mihogo aliyokuwa nayo, akaniambia nisiache jua likaiharibu. Ndivyo alivyoingia kambini. Nilibaki na lile kapu mikononi kama mjinga.

Amri ya kambi ilikuwa moja: asiye mgonjwa haingii, ila mwenye kazi humo. Feruzi alikwenda langoni, akarudishwa. Akaenda tena, akarudishwa kwa kitako cha bunduki. Milimani hakuhama, maana wakata vichaka walihitaji mtu wa kuwanolea mapanga na mashoka, na serikali ikamruhusu abaki kwenye kibanda chake. Akawa peke yake mwambao mzima. Nyumba zilikuwapo, watu hawapo. Vinu vimepinduliwa, mafiga yamepoa, hata mbuzi hakuna.

Mimi nilikuwa nikishuka mara kwa mara kumletea unga, si kwa mapenzi, bali kwa sababu Zuwena angeniuliza siku tukionana. Siku moja nilimkuta ameshika ufagio, anafagia uwanja wa nyumba ya Mwasiti, jirani yetu aliyehama. Alikuwa amekwisha kufagia wa Asmani na wa yule mshona mikeka.

"Shemeji, unamufagilia nani?" nikamuuliza. "Iko mugeni gani anakuja?"

"Nafagia tu," akasema. "Majani yakiota, patakuwa kama hawarudi."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nilipanda mlima siku hiyo nimekasirika, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Basi ndipo Abasi akaja. Huyu Abasi alikuwa mtumishi wa kambi, mtu wetu, Mwislamu, mwenye mabega mapana na kicheko rahisi. Alimkuta Feruzi ananoa, akamwambia Bwana Mganga anataka fundi wa bunduki, na kazi itafanyiwa mle mle kambini kwa sababu Bwana haachi bunduki yake itoke. Akamvisha shingoni kibati kilichotobolewa na kutiwa kamba. Mwenye kibati harudishwi langoni. Feruzi aliniambia kwamba njiani miguu yake ilikuwa inamkimbilia mbele.

Bunduki yenyewe haikuwa na baruti. Ilikuwa bunduki ya upepo. Kitako chake ni chupa ya chuma. Unakifungua, unakikaza kwenye bomba, unasukuma upepo mpaka mikono inatetemeka, kisha unakirudisha mahali pake. Mdomoni mwa chupa hiyo, kwa ndani, pana kilango kidogo kilichobanwa na springi. Ukivuta kifyatuo, nyundo inakigonga kilango, kinafunguka na kujifunga kufumba na kufumbua, na upepo uliopenya hapo katikati ndio unaoitupa risasi. Bwana Mganga alikiita kwa jina la Kidachi. Feruzi alikiita kilango.

Na ilikuwa na kazi. Wagonjwa waliodhoofika hawakuweza tena kula ugali na ndagala, visamaki vya ziwa letu, walirudisha kila kitu. Kitu pekee kilichokaa tumboni mwao kilikuwa mchuzi wa ndege. Bwana Mganga alitoka alfajiri, kanga na njiwa wanaposhuka kunywa maji, akawapiga kwa bunduki hiyo, kwani mshindo wa baruti uliwatia wagonjwa kiwewe. Abasi alikimbia nyuma yake na kisu, amchinje ndege akiwa bado anapapatika, na bismillahi yake, ndipo Waislamu nao waweze kula.

Sasa bunduki ilikuwa imechoka. Abasi alisukuma mpaka jasho likamwingia machoni, na bado risasi ilitoka kwa uvivu, ikampiga njiwa, njiwa akajikung'uta akaenda zake.

Feruzi akaketi kivulini, kando ya ua wa matete uliotenga upande wa wanawake. Akaiweka chupa sikioni, akasikiliza. Ilikuwa inavuja polepole. Akaifungua. Ngozi iliyovikwa kilango ilikuwa imekauka na kupasuka. Springi nayo ilikuwa kali mno. Nyundo inagonga, kilango kinafunguka upenyo wa ukucha tu, upepo mwingi unabaki ndani bila faida. Akakata ngozi mpya ya mbuzi. Akachukua majivu laini aliyoyachunga kwa kitambaa, akayachanganya na mafuta, akakizungusha kilango kwenye kikalio chake, huku na huku, huku na huku, mpaka kikawa kinakaa sawasawa pande zote. Akapunguza springi kidogo. Akasugua kijiti cha kilango mpaka kikateleza kama mbegu ya papai. Mwisho akailainisha ile ngozi na kila kinachosogea kwa mawese.

Alikuwa bado anasugua aliposikia mtu anaketi upande wa pili wa matete.

"Hiyo tupa naijua," sauti ya Zuwena ikasema. "Ni ile iko na meno mabovu."

Feruzi alinisimulia mpaka hapo, akarukia jambo jingine. Sikumchokonoa.

Alasiri bunduki ilijaribiwa kwenye ubao. Chupa moja ya upepo ilitoa risasi nyingi kuliko zamani, na ya mwisho iliingia ubaoni sawa na ya kwanza. Abasi alimkumbatia, maana mabega yaliyookolewa ni yake. Bwana Mganga akasema, "Fundi, kazi mzuri sana." Wakachukua kibati, Feruzi akarudi kwenye nyumba zake tupu.

Alfajiri iliyofuata bunduki ikagoma. Bwana Mganga alimlenga kanga, akavuta, kilango kikafunguka na hakikujifunga. Bunduki ikapumua pumzi yake yote mara moja, fuuu, na kanga wakaenda wakipiga kelele. Abasi akaja kumwita tena fundi, akamrudishia kibati akae nacho mpaka bunduki ipone. Feruzi alipofika, jua likiwa limepanda, akaijaribu. Ilipiga vizuri kabisa! Akaifungua, akaitazama, akapaka mawese mengine, akaifunga. Kesho yake alfajiri, fuuu. Ilikuwa kama mtoto anayelia jino usiku kucha na kupona akimwona mng'oaji.

Sisi watu wa Rumonge tuna kilema chetu. Kwetu mawese ni jibu la kila swali. Mtoto anakohoa, mawese. Mlango unalia, mawese. Ngoma imelegea, nywele zimekatika, mume amenuna, mawese. Fundi wa nchi nyingine angetia mafuta mengine na habari ingeishia hapo, nami nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Feruzi alikuwa mtu wa hapa.

Akaja kugundua mwenyewe, nyumbani kwake. Ulikuwa msimu wa kiangazi, upepo wa baridi unashuka kutoka milimani kabla ya mapambazuko. Alitia kidole kwenye kibuyu cha mawese achovye muhogo wake, kidole kikagota. Mawese yalikuwa yameganda. Alama ya kidole ikabaki pale pale. Akacheka kwa sauti, peke yake. Yakiganda kwenye kibuyu, yanaganda na kwenye kilango. Kilango kinanata, kinashindwa kurudi. Jua likitoka yanayeyuka, na fundi anaonekana hana akili.

Akabeba mkoba wake akaenda kumwambia Bwana Mganga. Alifika mtoni. Pale mtoni pana jiwe la kufulia, akaketi juu yake. Akawaza kwamba akiiponya bunduki leo, kesho hana kazi kambini, na asiye na kazi haingii.

"Nikakaa pale mupaka jua likachoma kichwa," aliniambia.

Kisha akaenda, akaingia na kibati chake, akaifungua bunduki, akafuta mawese ya jana na kupaka mawese ya leo.

Hivyo ndivyo alivyoishi kiangazi kile. Mara kwa mara bunduki iligoma, mara kwa mara aliitwa, na kila alipoitwa aliketi kando ya ua akijifanya anapekua, na Zuwena akaja kuketi ng'ambo yake. Nilimwona Feruzi akibadilika nikashangaa. Alianza kunisalimu kwanza. Alianza kuniuliza habari: nani kazaa huko juu, nani kagombana na nani, kisima kimekauka au bado. Nikafikiri upweke umemrusha akili. Kumbe anakusanya habari za kumpelekea mkewe! Mtu aliyeishi na mwanamke miaka yote bila kumwambia neno zaidi ya "leta maji," sasa anabeba umbea wangu mlima na mto aende kuutoa matete yakiwa katikati.

Na dada yangu alikuwa ameanza kutoona. Sindano za malale ziliwasaidia baadhi, na baadhi ziliwafifisha macho. Feruzi aliinua macho hatimaye, na mkewe hakuweza tena kuyaona. Nililia sana niliposikia hilo. Nalisema wazi, sina haya nalo.

Sasa lazima niseme juu ya haki ya mkono. Mafundi wa bunduki wa mwambao wetu walikuwa na desturi yao, sijui waliirithi kwa nani. Bunduki ikitoka kwa fundi imepona, windo lake la kwanza ni la mke wa fundi. Awe ndege, awe mbawala, kipande cha kwanza kinapikwa nyumbani kwa fundi, na yeye mke ndiye anayeonja. Wenyewe wanaiita haki ya mkono. Fundi asiyetoa haki hiyo mkono wake utaingia kutetemeka, ndivyo walivyoamini. Dada yangu alikuwa amekula haki hiyo miaka yote. Alijua ladha ya kila bunduki iliyopita mikononi mwa mumewe.

Siku moja Feruzi alikuwa pale kivulini, bunduki imefunguliwa magotini, anamsimulia Zuwena jinsi nilivyogombana na jirani yangu kuhusu kuku. Zuwena hakucheka. Alimwacha amalize, akasema:

"Bwanangu, ile bunduki iko na ugonjwa gani?"

"Ni kilango tu. Kinasumbua."

"Mimi nimekaa na wewe siku nyingi. Sijaona bunduki ikikusumbua mara mbili."

"Hii ni ya Wazungu. Iko na mambo yake."

"Mukono wako sijaula," Zuwena akasema. "Tangu umeanza hii kazi, sijaula. Kwa hiyo haijapona. Na kama haijapona, ni wewe hutaki ipone."

Feruzi alishika tupa akaanza kusugua kitu kisichohitaji kusuguliwa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Feruzi iliishia pale kwenye matete.

"Sikiliza," dada yangu akasema. "Mwanahamisi wa Nyanza, yule mwenye kulala karibu na mimi. Zamani alikuwa anakuja hapa kukusikiliza, anacheka. Tangu juzi hainuki. Ugali anatapika, ndagala anatapika. Tunaambiwa mchuzi hakuna, bunduki imegoma. Na mimi naketi hapa nacheka na fundi mwenyewe."

"Nikiitengeneza hawaniingizi tena, Zuwena."

"Najua."

"Nitakaa na nani kule?"

Hili alinisimulia akiwa ameinamia nyayo zake. Alisema Zuwena alipitisha vidole kati ya matete, akavishika vyake vilivyojaa mawese, akavishikilia.

"Na mimi nitakaa na nani?" akamwambia. "Tengeneza, Feruzi. Usipotengeneza, sitakuja tena hapa kwenye ua. Utakuja na kibati chako na utaongea na matete."

Alimjua mkewe. Zuwena alikuwa mpole, lakini akisema neno la namna hiyo halirudi nyuma, hata kwetu nyumbani ilikuwa hivyo. Feruzi akarudi kwake, na siku ile hakufagia uwanja wa mtu.

Alichofanya ni hiki. Alimimina mawese kwenye chungu kipana akakiacha nje kwenye baridi. Alfajiri mengi yalikuwa yameganda chini, mekundu na mazito, na juu yamebaki kidogo, maangavu, yanayotiririka. Akayachota hayo tu, yale ambayo baridi ilikuwa imeshindwa kuyagandisha. Akayaacha nje tena, akachota tena, mpaka akapata kichupa kidogo ambacho hakikuganda kwa baridi yoyote ya Rumonge. Alipopanda kuniomba kitambaa safi cha kuchujia, maana sisi wa juu ndio tulikuwa na nguo mpya, nilimwuliza ni ya nini. Akasema, "Ya kazi." Nikamtania kwamba fundi mkubwa ameshindwa na kijibunduki cha kupuliza. Hakukasirika. Alisema, "Umesema kweli, shemeji," na hilo likanitia wasiwasi kuliko kama angenitukana.

Kisha akaenda kambini akaifungua bunduki kwa mara ya mwisho. Akaisafisha yote kwa maji ya majivu, asiache hata harufu ya mawese ya zamani. Akabadilisha ngozi. Akakizungusha kilango upya kwenye kikalio chake, akapima springi, akaikata kidogo sana, akapima tena, kilango kifunguke vya kutosha na kijifunge upesi, kisipoteze pumzi. Akatia tone la yale mafuta maangavu hapa, tone pale. Alichelewesha kila kitu alichoweza kuchelewesha. Zuwena alikuwa ng'ambo ya ua muda wote. Feruzi aliniambia hawakuzungumza sana. Mara moja Zuwena alimwuliza kama ule mpapai wa nyuma ya nyumba umezaa, akamwambia umezaa.

Bwana Mganga akamruhusu alale langoni ili alfajiri aione bunduki yake inavyofanya kazi. Na alfajiri, baridi ikiwa imekolea, ikapiga. Haikusema fuuu. Ilisema tu "pa," kavu na fupi, kama mtu anayetema kokwa. Kanga akaanguka, Abasi akawahi na kisu. Ikapiga tena, na tena, kwa chupa ile ile. Abasi alicheka kama mwendawazimu.

"Bwana," Feruzi akasema, "yule wa kwanza ni wa mke wangu. Ni desturi ya fundi."

Bwana Mganga hakuelewa vizuri, lakini Abasi akamweleza, na kanga akapikwa, akapelekwa kwa Zuwena mzima katika sufuria yake. Nilisikia baadaye kwamba alionja shingo, kwa kuwa haki ni haki, na mchuzi uliobaki akamnywesha Mwanahamisi kwa mkono wake, kijiko baada ya kijiko, akipapasa mdomo ulipo.

"Fundi mzuri sana," Bwana Mganga akamwambia Feruzi. "Sasa hapana kazi tena." Alimshika mkono kwa furaha ya kweli. Askari wa langoni akamvua kibati.

Baada ya hapo Feruzi aliishi kwa kusikiliza. Mwambao ule ulikuwa umekuwa kimya kiasi kwamba alfajiri, maji yakiwa yametulia, ile "pa" ilivuka mto ikafika mpaka mlangoni kwake. Aliamka giza lingalipo, akatawadha, akasali, akaketi kwenye kizingiti na kungoja. Ikilia, alisema, "Amekula." Nilimsikia kwa masikio yangu siku niliyofika mapema. "Pa," ng'ambo kule, na shemeji yangu, aliyekuwa hasemi, akatabasamu peke yake na kusema, "Amekula." Kisha akachukua ufagio.

Niliona ni upuuzi. Nilimwambia ahamie kwetu juu, kuna watu, kuna moto, kuna mtu wa kumwambia amahoro asubuhi. Alisema atafikiri.

Mvua za kwanza zilipokaribia, nilishuka na unga nikalala kwake, mimi ndani, yeye barazani. Alfajiri tukaketi kizingitini pamoja. Kanga tuliwasikia. Njiwa tuliwasikia. Bunduki haikulia. Kukapambazuka, jua likapanda, kimya.

Feruzi alisimama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwaka vile.

"Imekwama," akasema.

"Shemeji..."

"Imekwama, Kadidja! Ni ile ngozi. Ngozi ya mbuzi haidumu, nilijua. Wataniita. Lakini sitangoja waniite, nitakwenda mwenyewe."

Na mimi, nisiyempenda, nilifurahi naye. Nilimchotea maji aoge. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa na kujipaka mafuta kichwani, nikamwuliza kama anakwenda kutengeneza bunduki au kuposa. "Vyote viwili," akasema, na tukacheka, sisi wawili, kwenye mwambao mtupu. Alitia kwenye mkoba tupa, majivu, vipande vya ngozi, na kichupa cha mafuta yake maangavu. Mimi nilikaanga karanga upesi upesi, nikazifunga kwenye jani la mgomba, ampitishie dada yangu kwenye matete. Nikamsindikiza. Njia nzima alikuwa akinieleza jinsi kazi hii itakavyomchukua siku kadhaa, labda wiki, kilango si kitu cha kuharakisha.

Langoni tulimkuta Abasi ameketi juu ya gogo, mikono yake mikubwa haina kazi. Alitazama kanzu ya Feruzi, akautazama mkoba, akasimama polepole.

"Salamu aleikum, Abasi," Feruzi akasema. "Nimesikia haijalia leo. Nimekuja na ngozi mpya."

"Bunduki iko muzima, fundi," Abasi akasema.

"Haijalia."

"Iko muzima. Ni sisi hatukupiga. Wale wa kupikiwa mchuzi wamekwisha. Wengine walipona wanakula ugali. Wengine Mungu amewachukua. Wa mwisho alikuwa mama Zuwena, naye ugali ulikuwa umemushinda. Tulimuzika jana alasiri. Nilikuwa nakuja kwako, wallahi nilikuwa nakuja, nilikaa hapa natafuta namna ya kukuambia."

Niliketi chini pale pale kwenye mchanga. Karanga zilimwagika. Nilimlilia dada yangu kwa sauti na kumtukana Abasi na Wadachi na nzi na kila mtu niliyeweza kumkumbuka. Feruzi alibaki amesimama, mkoba begani. Alipofungua mdomo aliuliza kitu kimoja tu.

"Nani alimwosha?"

"Mwanahamisi wa Nyanza," Abasi akasema. "Alisimama kwa miguu yake mwenyewe, akakataa musaada. Alimwosha vizuri, na sisi wanaume tukamusalia."

Feruzi akaitikia kwa kichwa. Akatoa kile kichupa mkobani, akampa Abasi, akamwonyesha kwa kidole tone linatiwa wapi na wapi, na kwamba asitie mawese kamwe, hata yakiwa mazuri namna gani. Alimweleza mara mbili. Kisha akaniinua kutoka chini akanirudisha nyumbani kwake, akanipa maji.

Nilikaa naye siku za matanga. Watu wa juu walishuka, wakasoma, wakala, wakapanda tena. Baada ya hapo nilifunga vitu vyake vichache kwenye mkeka, nikamwambia basi, sasa hana sababu, twende. Nilimwambia kwa upole, na mimi upole si kazi yangu.

Ilikuwa mapema, baridi bado. Kambini walikuwa wameleta wagonjwa wapya kutoka upande wa Nyanza. Tukiwa tumesimama pale na mkeka uliofungwa, ikalia ng'ambo ya mto, "pa," kavu na safi kama siku ya kwanza. Alikuwa ameitengeneza vizuri mno ile bunduki.

Feruzi akasikiliza mpaka ikalia tena. Kisha akaufungua mkeka, akautandika mahali pake.

"Nenda wewe, shemeji," akasema. "Kule juu haisikiki."